Tulizika mgomba Bukavu, na mjane akabaki na nyumba yake

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, na wadogo nawasalimu huko mliko.

Nimesoma sana nyuzi za mirathi humu jukwaani. Huyu analia na baba mdogo, yule analia na mashemeji, na kila nikitaka kuchangia, safari inaniingilia. Leo nimekwama kwenye foleni ya malori Tunduma, simu ina chaji, sina mahali pa kukimbilia. Nawaletea kisa ambacho mikono yangu mwenyewe ilishika jembe ndani yake. Majina ya watu nimebadilisha. Mengine ni kama yalivyokuwa, na mkiona mahali nimekosea Kiswahili cha Kikongo, watu wa Bukavu mnisamehe.

Ilikuwa wakati wa ile vita ya pili ya Congo, waasi wakiwa wameshika mji.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Mama yangu Muha, baba yangu Mshi wa Bukavu. Baba aliondoka kwao akiwa kijana, akavuka Tanganyika, akaoa, na akafia kwetu bila kurudi. Kwao alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume. Sisi tuliokulia Kigoma tuliona hilo ni jambo la kawaida tu, mtu fulani lazima azaliwe wa kwanza. Kumbe kule lina uzito wake.

Siku moja mfanyabiashara wa chumvi, mtu wa Uvira, alinitafuta sokoni na maneno kutoka kwa mdogo wake baba, Tonton Déo. Tonton ndiyo wanavyomwita baba mdogo kule, ni Kifaransa. Maneno yenyewe: Faustin, mdogo wetu wa mwisho, amepotea njia ya Bunyakiri. Njoo. Kuna kikao cha familia, na nyumba ya mkubwa haiwezi kukosa mtu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, miguu inaniwasha. Mama aliniambia huko kuna vita. Nikamwambia ninakwenda kuwasalimia watu wa baba na kurudi. Wakuu, hiyo "kwenda na kurudi" ndiyo iliyonifanya mtu wa barabarani mpaka leo.

Nilivuka kwa boti la mizigo, nimelala juu ya magunia ya chumvi ya Uvinza, mgongo umekakamaa kama samaki mkavu. Uvira nilisubiri gari mpaka nikazoeana na mbwa wa stendi. Halafu lori la mihogo, bonde la Ruzizi na joto lake, Kamanyola, kila penye kamba barabarani mnashuka, mnaulizwa mnatoka wapi, mnatoa kitu kidogo, mnapanda. Baada ya Kamanyola barabara inaanza kupanda mlima unaoitwa Ngomo. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu, ukungu tu, na chini kabisa mto. Utingo alikuwa anatembea nyuma ya gurudumu na kigogo mkononi, tayari kukitupa chini ya tairi lori likirudi nyuma. Abiria tuliimba nyimbo za kanisani. Mimi sikuzijua lakini niliimba kuliko wote.

Na kisha ukafika ule upande wa pili, baridi, migomba, matofali mekundu, na ziwa Kivu limetulia huku mji umeingiza vidole vyake majini. Nimeona miji mingi tangu siku ile. Lusaka, Beira, Lubumbashi. Hakuna uliowahi kunifanya nisimame hivyo na begi kichwani kama mjinga.

Familia yangu ilikaa Kasha, pembezoni kabisa mwa Bagira, upande wa kaskazini wa mji. Nilipokelewa na bibi yangu mzaa baba, ambaye wote walimwita Koko. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniangalia puani, machoni, masikioni, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Ni Justin," akasema. Justin ndilo jina la baba. "Wamemurudisha, lakini amekonda."

Koko aliishi kwa mke wa huyo Tonton Faustin aliyepotea. Mke aliitwa Mama Neema, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu, mpole, anayeongea kama anaandika ubaoni. Mshahara ulikuwa umekatika tangu vita, wazazi wa wanafunzi ndio waliochanga. Alikuwa na binti watatu, Neema akiwa mkubwa, anaingia sekondari. Hakuwa na mtoto wa kiume.

Hapo ndipo penye shida yote, wakuu.

Tonton Faustin alikuwa anafuata mafuta ya mawese huko Bunyakiri na kupita mbele mpaka Hombo, anayaleta kuuza mjini. Safari ya mwisho lori lao lilishambuliwa msituni. Mwenzake aliyenusurika alirudi na miguu imevimba, akamwambia Mama Neema uso kwa uso: nilimuona anaanguka, hakuamka. Kurudi kuchukua mwili haikuwezekana. Msitu ulikuwa na wenyewe.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali, bati juu, na mbele yake kiwanja chenye migomba. Waliijenga wote wawili, yeye kwa mafuta, mke kwa chaki, wakati chaki ilipokuwa bado inalipa. Wao kiwanja wanakiita parcelle. Na parcelle hii ilikuwa imekaa vizuri, karibu na barabara inayotoka Kavumu, kwenye uwanja wa ndege.

Tonton Déo alikuwa mtu wa ofisi ya forodha. Vita ilikula kazi yake. Sitamchafua zaidi ya inavyostahili: alikuwa na watoto, alikuwa na hofu, alitaka kuhamishia familia Kampala. Alikuwa amekwishapata mnunuzi, mfanyabiashara mmoja wa Kavumu aliyetaka kujenga depo la mizigo pale mbele ili malori yaingie na kutoka.

Kwa mila ya watu wengi kule, na hata kwetu wengine humu msijifanye hamjui, mwanamke asiye na mtoto wa kiume ni mgeni kwenye nyumba ya mumewe. Mume akienda, mali inarudi kwa ndugu zake. Sheria ya Congo haisemi hivyo kabisa, mtoto wa kike ni mrithi na mjane ana haki ya kukaa ndani. Lakini wakati ule nenda mahakamani umkute nani? Mwenye bunduki alikuwa ndiye hakimu.

Kwa hiyo lililokuwa mezani ni hili: Mama Neema, binti zake watatu na Koko wabaki ndani ya nyumba yao, au watoke barabarani.

Tonton Déo alinipokea kwa shangwe.

"Kigoma!" Ndiyo jina walilonipa tangu siku hiyo. "Mutoto ya grand frère, ya kaka mukubwa! Sura yote ya Justin, walisahau tu kukuongezea akili! Unakunywa nini?"

Akanipa kasiksi, pombe ya ndizi, kali kidogo. Akanieleza mpango taratibu. Nyumba haiwezi kuuzwa mpaka familia ikae kikao na kumtaja msimamizi wa mirathi, wao wanamwita liquidateur. Kikao hakikai mpaka kilio kiondolewe, yaani tanga lianuliwe. Na kilio hakiwezi kuondolewa kwa mtu ambaye hajazikwa. Mimi, kwa kuwa nimesimama mahali pa baba, ndiye wa kwanza kuongea kikaoni. Nikisema jina la Déo, wengine watafuata.

"Na miye sitakusahau," akasema, akanigonga goti.

Nikamuuliza, Mama Neema ataenda wapi?

"Atarudia kwabo Idjwi. Si iko na ndugu? Kisiwa muzima ni ndugu zake!"

Nilimaliza kasiksi yake nikaaga. Usiku ule nilikuwa ninalala chumba cha mbele kwa huyo huyo Mama Neema, na yeye ndiye aliyenipa blanketi la mumewe.

Sasa, mtu akifia mahali ambapo mwili hauwezi kupatikana, watu wa kule wana utaratibu. Wanakata shina la mgomba, urefu wa mtu. Wanalivika nguo zake. Wanalilia, wanalizika, na tangu hapo huyo mtu amezikwa. Si mchezo wa kuigiza. Ukimuuliza mwenye kuzika, atakwambia tumemzika fulani, hakwambii tumezika mgomba.

Vita ile migomba mingi ilizikwa.

Siku ya kupanga mazishi tulikaa sebuleni: Koko, Tonton Déo, Mama Neema, mimi, ndugu wachache wa ukoo, na mzee anayesimamia mtaa, wao wanamwita chef d'avenue. Koko akafungua.

"Faustin atalala ku mulima, pembeni ya baba yake."

Mlima wenyewe ni kijiji chao cha asili, upande wa Kabare. Mama Neema akaitikia kwa kichwa. Na yeye alitaka hivyo hivyo, niliona.

Tonton Déo akaruka. "Maman, ile barabara ni barrière juu ya barrière, kamba kila mahali! Unataka tuzike mugomba, ao tuzikwe siye?"

Watu wakacheka kidogo. Kweli barabara ilikuwa mbaya.

"Basi tungoje," akasema Mama Neema. "Barabara itafunguka siku moja."

"Tungoje mpaka lini, Madame? Faustin yeye atangoja? Batu banatuchekelea, mutu amekufa na kilio haiko!" Akageukia wengine. "Tuzike hapa hapa mu parcelle. Vite vite, mbio mbio. Siku ya mwisho ya kilio tunakaa conseil, kikao ya famille, tunamaliza mambo."

Sebule ikanyamaza. Ninyi msiojua kule hamtasikia kitu katika maneno yale. Hata mimi sikusikia kitu. Nilidhani ni mzee mwenye haraka tu.

"Hapa, Déo?" Koko akauliza.

"Hapa."

"Mu parcelle ya ndugu yako?"

"Maman, niseme kwa Kifaransa? Hapa!"

Mama Neema alikuwa anaangalia mikono yake. Akainua macho kwa mzee wa mtaa.

"Chef, muzee wa famille amepanga. Miye mwanamuke siwezi kumupinga."

"Umemutii vizuri, Madame," akasema chef, na akakohoa kikohozi ambacho baadaye nilikielewa.

Ikabaki mahali pa kuchimba. Tonton Déo akaonyesha kule nyuma, pembeni mwa choo. Koko alisimama wima, mwanamke wa kiuno kilichopinda, nikamuona amesimama wima.

"Mutoto yangu nyuma ya choo? Nilimuzaa nyuma ya choo?"

Ndugu wote wakaguna. Tonton akainua mikono, basi chagua mwenyewe Maman. Koko akatoka na fimbo yake, akapita migomba, akasimama mbele, katikati ya uwazi ule kati ya nyumba na barabara. Akachoma fimbo ardhini.

"Atalala hapa, aone watoto wakitoka shule."

Nilichimba mimi na vijana wawili wa mtaani. Udongo wa Kasha ni mwekundu na unashika jembe kama ugali unavyoshika mwiko.

Naona mmoja ameshauliza huko chini kama kulikuwa na jeneza. Hapana mkuu. Mgomba ulivikwa suti ya Tonton Faustin ya harusi. Mama Neema ndiye aliyeifunga vifungo, polepole, akakuta kimoja kinalegea, akaomba sindano, akakishona pale pale, watu wote tumesimama tunamsubiri. Ndipo nilipolia. Nilikuwa sijawahi kumuona Faustin maishani mwangu, lakini mwanamke akimshonea mume kifungo kabla ya kumfukia, wewe ni nani usilie.

Tulimfunga kwenye shuka jeupe na mkeka. Katekista akasoma. Kina mama wa shirika la kanisa wakaimba. Tonton Déo mwenyewe alilia kwa sauti, akapiga magoti, akamwita mdogo wake kwa jina la utoto. Siamini alikuwa anajifanya. Mtu anaweza kumlilia ndugu yake na kuitamani nyumba yake siku hiyo hiyo.

Msalaba wa mbao ukasimikwa, na binti wakapanda maua pembeni.

Siku za kilio zikaisha. Watu wakanyolewa, wakaoga, sambaza zikakaangwa, zile dagaa za Kivu ambazo hadi leo nikisikia harufu inayofanana nageuka nyuma. Baada ya chakula kikao kikakaa.

Tonton Déo akafungua vizuri sana. Alimsifu marehemu. Alimsifu Mama Neema, mwanamke wa heshima. Halafu akasema: "Lakini Faustin hakuacha kijana. Batoto banamuke ni ba kuolewa. Nyumba irudi ku famille. Kigoma, wewe ni mukubwa. Sema."

Wote wakanitazama. Nilikuwa na umri wa kucheza mpira, wakuu.

Nikasema hivi, na nakumbuka kila neno kwa sababu niliyafanyia mazoezi chooni: "Baba yangu aliondoka hapa na hakujenga hata banda. Sina haki ya kugawa tofali ambalo baba yangu hakulibeba. Waliojenga hii nyumba ni wawili. Mmoja tumemzika. Wa pili yuko hapa. Nyumba ya mkubwa inasema msimamizi ni Mama Neema."

Kelele zikalipuka.

"Hata Mashi hujui!" Tonton Déo akanipigia kelele. "Mutu hajui kusalimia na luga ya babu yake, anakuja kutufundisha mila!"

"Amekula sombe ya Madame," mwingine akadakia, sombe ndiyo kisamvu chao. "Sombe imempiga kichwani!"

Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Niliona aibu, lakini sikuondoa neno. Kikao kikavunjika bila uamuzi. Koko hakusema upande wowote. Alikaa tu, ameshika fimbo.

Tonton Déo aliondoka akisema kesho analeta mnunuzi, na tuone nani ataongea.

Na kweli alimleta.

Asubuhi pickup ikasimama barabarani. Akashuka mtu mnene wa makamo, shati safi, rozari shingoni, mfanyabiashara wa Kavumu. Majirani wakaanza kusogea, wengine wanajifanya wanachota maji. Tonton Déo alikuwa mbele akionyesha kwa mkono: hapa geti, hapa malori, huku unavunja ukuta.

Yule mtu alitembea hatua chache na kusimama kama amekanyaga moto.

"Papa Déo. Hii ni nini?"

"Nini?"

"Hii." Alikuwa anauangalia msalaba.

"Ah, hiyo! Hiyo haiko kitu. Tunaiondosha. Ni mugomba."

Mnunuzi akavua kofia. Akafanya ishara ya msalaba. "Mulimuzika nani?"

"Ndugu yangu. Lakini ni mugomba tu, Papa! Mwili haiko! Ukichimba unakuta mugomba!"

"Ukichimba?" Yule mtu alirudi nyuma. "Miye nichimbe? Uliwahi kuona mutu wa kwetu ananunua kaburi ya baba ya batoto, anapitisha malori juu? Papa Déo, weye unatafuta batoto yangu bakufe?"

Majirani sasa hawakujifanya tena. Walikuwa wamejaa.

Mama Neema akatoka mlangoni, ana kitabu mkononi, alikuwa anakwenda darasani. Aliongea kwa ile sauti yake ya ubaoni, sauti ambayo kila mtoto wa nyuma anaisikia.

"Papa Déo, utuambie siye wote, tupate kuelewa. Kama kilichoko mule ni mugomba, basi Faustin hajazikwa. Kama hajazikwa, kilio haijatoka, conseil haikukaa, na nyumba iko ya Faustin. Hauwezi kuiuza. Kama ni Faustin amelala mule, basi parcelle ni kaburi yake. Hauwezi kuiuza. Chagua moja, miye nitakutii."

Wakuu, nimekuwa kwenye masoko, kwenye bandari, kwenye mipaka, nimesikia watu wakijibizana kwa lugha zaidi ya kumi. Sijawahi kusikia mtu akifungwa mlango wa mbele na wa nyuma kwa pumzi moja namna ile.

Tonton Déo akamgeukia mama yake.

"Maman..."

"Nilikuuliza," akasema Koko. "Hapa, Déo? Ukasema hapa. Ukataka hata kunisemea Kifaransa."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, na hapo mtaa mzima ukaangua. Kina mama walipiga vigelegele. Mnunuzi alikwishaingia kwenye pickup. Kabla ya kuondoka akashusha kioo na kumwambia Mama Neema, "Pole kwa kilio, Madame," akatoa na hela ya maua ya kaburi. Yeye ni mtu wa Kavumu, amelelewa na mila zile zile. Fedha zake hazikuwa zimemtoa kwao.

Na ndipo nilipouelewa ule ukimya wa sebuleni. Kule ukimzika mwenye nyumba ndani ya parcelle yake, umeifunga. Hakuna wa kuinunua, hakuna wa kuwaondoa watoto wake juu ya kaburi la baba yao. Tonton Déo alilijua hilo tangu utotoni, kama unavyojua jina lako. Lakini haraka ilimfanya aone kile kitu ni shina la ndizi, wakati kila mtu mwingine aliona mtu.

Baadaye nilimuuliza Mama Neema, ulijua tangu alipotamka? Akacheka, mara ya kwanza kumuona akicheka.

"Kigoma, nilitaka bwana yangu alale ku mulima. Nilimubembeleza Déo tungoje, umesikia weye mwenyewe. Alipokataa, nikanyamaza. Ile tu."

Kikao kilirudi siku hiyo hiyo, bila kasiksi. Koko akaniambia rudia neno lako. Nikarudia. Safari hii hakuna aliyezungumzia sombe. Mmoja mmoja wakasema ni sawa. Tonton Déo akawa wa mwisho, akasema "bon", yaani haya, na kushusha mabega, na nadhani kuna sehemu yake iliyopumua. Mama Neema akawa liquidateur wa mirathi ya mumewe, mbele ya chef d'avenue na ndugu wote. Jioni ile binti watatu walicheza dansi ndani ya nyumba mpaka Koko akawaambia bati litadondoka.

Nilikaa Kasha kwa miezi. Nilifundisha Kiswahili cha Tanzania kwa watoto wa jirani, wakanicheka. Nilibeba magunia Kavumu. Risasi zikilia tunalala chini, zikinyamaza tunaamka na kupika. Halafu miguu ikaanza kuwasha tena. Mnaokijua kitu hicho mnakijua.

Niliposema ninaondoka, Mama Neema alisema subiri kwanza, kuna jambo. Asubuhi ya kuondoka kwangu alikuwa amewaita chef d'avenue, katekista, majirani wa pande zote, na ndugu za mumewe. Alikuwa mzima wa afya, haumwi hata mafua. Akasimama barazani.

"Faustin hakutuambia kitu," akasema. "Alikuwa mutu muzuri, lakini aliogopa kusema kifo, akaona kama anakiita. Ona taabu tuliyoona. Miye ninasema nikiwa muzima. Siku nitakufa, hii nyumba ni ya Neema na badada zake, kwa usawa. Koko asitoke mule mpaka Mungu amuite. Anayeolewa haki yake inabaki. Na hakuna wa kuiuza bila wote watatu kukubali. Mumesikia kwa masikio yenu."

Kwa wengine pale lilikuwa jambo geni kabisa, mtu mzima asiyeumwa kutaja kifo chake mchana kweupe. Mzee mmoja alishika kichwa. Lakini chef akasema imepita, na kilichobaki ni mipaka. Kule mpaka wa parcelle unawekwa kwa miti inayopandwa, na anayepaswa kuipanda ni mwanamume wa ukoo. Anayeipanda amekiri mbele ya watu kwamba ng'ambo ya ule mstari si kwake.

Chef akamkabidhi Tonton Déo jembe.

Wakuu, mtu akalishika. Alikunja suruali yake ya ofisini, akachimba. Jasho lilimtoka. Mimi begi liko kichwani, lori la Uvira linapiga honi barabarani, lakini sikuweza kuondoka nisione mwisho. Alipofika pembe ya chini, akaanza shimo upande wa ndani kidogo, kwa uchovu au kwa mazoea, Mungu anajua.

Neema, mtoto wa sekondari, akasogea mbele na kuinama kuangalia mstari.

"Tonton," akasema, "rudi nyuma. Unakula parcelle yangu."

Na Tonton Déo akarudi nyuma. Kwanza aliangalia jembe, halafu akaangalia yule mtoto, halafu akacheka mwenyewe, cheko la kweli, na mtaa wote nyuma yake. Akafukia lile shimo, akachimba lingine pale kidole cha Neema kilipoonyesha. Nikalikimbilia lori nikiwa bado nacheka, na sijakanyaga Bukavu tena.

Nilichojifunza ni kwamba ndugu hawageuki wabaya siku ya msiba. Wanageuka waoga, na uoga una haraka. Mtu aliyesema akiwa mzima, mbele ya mashahidi, anawapunguzia ndugu zake nafasi ya kukosea. Kama mna mzazi, mume, mke, mwacheni aseme mapema, na msimnyamazishe eti anajitabiria. Na mkijenga wawili, hakikisheni mtaa unajua mmejenga wawili.

Wanasheria wa humu mje mrekebishe nilipokosea. Watu wa Kivu mje mseme kwenu inafanyikaje. Na wewe unayesoma kimya kimya, nikuulize: mzee wako ameshasema, au bado?